Mkwe, Mkamwana na Jiko la Debe

Nilipoteremka stendi ya Iringa hamkuniuliza hata kama nimefika salama. Mliniuliza, "Haya, baba mkwe anafananaje?" Mlipoona mikono yangu mitupu mkaongeza, "Na jiko liko wapi?" Nimewajibu vipande vipande, wengine kisimani, wengine sokoni, na sasa nasikia hadithi yangu inatembea mtaani imeshaota mkia na pembe. Kwa hiyo kaeni. Nasimulia yote mara moja, sirudii.

Mnajua nilikoolewa. Mume wangu ni Mnyakyusa wa Kiwira, na kwao mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hawajagombana, wala hakuna aliyemkosea mwenzake. Ni heshima. Akipita huku, wewe unapita kule. Ukisikia anakohoa, unaingia migombani. Nimeolewa, nimezaa, Atupele wangu sasa anakimbia, na baba mkwe nilikuwa namjua kwa kikohozi tu. Sasa mimi Mhehe, mtoto wa Kalenga, niliyezoea kumkodolea kila mtu macho mpaka mama akanipachika jina la Darubini, nitulie? Nilikuwa nawashwa. Ana pua ya mume wangu? Ana mvi? Akicheka anaonyesha meno?

Tosamaganga

Mzee alikuwa amepasuliwa tumbo pale hospitali ya misheni. Mume wangu ndiye aliyempeleka, kisha akarudi kazini kwake relini, huko Mlimba. Siku ya kumtoa, shemeji yangu angekuja kutoka Kiwira kumchukua. Tulingoja. Shemeji hakuja, na mpaka leo kila mtu ana sababu yake kwa nini hakuja. Mume wangu akaleta salamu kwa mdomo wa dereva wa basi: "Mama Atu, mpeleke wewe."

Mimi? Nimpeleke mtu nisiyeruhusiwa kumtazama?

Muuguzi akaniita kando. Alikuwa mama mnene, mpole, lakini maneno yake hayakuwa na upole. "Uji mwepesi, wa moto, kidogo kidogo, kila mara. Vyakula vya hotelini asiguse, vitamfungua mshono. Na huyu mzee wenu ni mgumu. Hapa anaonja, anasukuma bakuli. Asipokula njiani, mama, hamtafika naye."

Hamtafika naye. Maneno hayo nilisafiri nayo.

Hapo ndipo jiko lilipoingia. Mwezi uliopita, mafuta ya taa yalipoadimika mjini na stovu zetu zikageuka mapambo, nilikuwa nimemsumbua fundi bati wa sokoni anitengenezee jiko la kuni la kubebeka. Mlinicheka wote. Alichukua debe la mafuta ya kula, akalikata mdomo chini kwa mbele, ndani akatumbukiza kopo dogo lenye matundu, katikati akashindilia majivu ili joto lisitoroke. Juu akaweka vyuma vitatu vya kukalisha sufuria, na waya wa kushikia kama ndoo. Lilikuwa linakula vijiti vya unene wa kidole tu, au magunzi ya mahindi, na likishika moto linavuma lenyewe bila kupulizwa. Nilikuwa sijalichoka. Kila siku nilitafuta kitu kipya cha kulilisha, nione kitawakaje.

Dereva wa lori tulilopata alikuwa Bwana Mgaya, Mbena wa Njombe, mtu wa maneno mengi, anapeleka chumvi na mabati Mbeya. Mipango ilikuwa rahisi: Atupele abaki kwa mama yangu, mzee ndani pamoja na dereva, mimi nyuma juu ya magunia na jiko langu, sufuria, unga wa ulezi na kifurushi cha magunzi. Muuguzi alipomtoa mzee, mimi nilikuwa nimegeukia ukuta wa chumba cha kufulia kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Nikasikia fimbo: ko, ko, ko. Nikasikia mlango wa lori. "Tayari!" akaita Mgaya, nami nikapanda.

Kati yangu na yeye kulikuwa na kidirisha kidogo cha kioo. Kabla lori halijaondoka, mkono ukanyanyuka ndani ukatundika koti juu yake. Mkono mrefu, mweusi, wenye kucha safi. Basi nikajua mkono.

Mafinga

Mpaka Mafinga lami ilikuwa nzuri na baridi ilikuwa kali. Mgaya akasimamisha lori karibu na wauza chakula. Nikashusha jiko, nikaliweka nyuma ya tairi, nikawasha. Kwa haraka vile, hata maharage ya jirani hayajachemka, uji wangu unatokota. Nikaona kivuli juu yangu.

"Wewe dada, leseni unayo?"

Walikuwa wanawake watatu, mikono kiunoni. Nyuma yao wapiga debe wawili na askari mmoja wa mgambo, kila mmoja na kikombe chake, wamejipanga! Wale wanawake walidhani nimekuja kuwaharibia biashara. Nikawaeleza kwamba ni uji wa mgonjwa. "Mgonjwa yuko wapi?" Ndani ya lori. "Mbona humpelekei?" Siruhusiwi kumwona. Wakatazamana.

"Huyu hana akili timamu," akasema mmoja, lakini akachuchumaa kulikagua jiko. Akaingiza kijiti, akakitoa, akachungulia matundu, akaniuliza majivu yanakaa upande gani. Yule wa leseni akawa ndiye wa mwisho kuondoka, na nikasikia akimwambia mwenzake kwamba atakwenda Iringa kumtafuta fundi huyo.

Mgaya akapeleka bakuli. Akarudi nalo. Limejaa vilevile.

"Anasema ameshiba."

"Ameshiba nini? Baridi?"

Mgaya akashusha sauti. "Mama Atu, mzee anaona aibu. Anasema yeye ni mtu na heshima zake, hawezi kulishwa barabarani na dereva, wanawake wa sokoni wanamkodolea macho. Amenywa vijiko viwili kunifurahisha mimi."

Nikamwaga uji ule kwenye vikombe vya wale wapiga debe. Walishukuru sana.

Makambako

Makambako upepo hauna adabu. Unakuvua kanga mbele za watu. Lakini jiko lilivuma palepale pembeni mwa barabara, upepo unalipulizia bure, nikaona jinsi mwali unavyolala upande mmoja na kuacha nusu ya sufuria. Nikalizungushia mabati mawili ya Mgaya. Mwali ukasimama wima! Ningekuwa sina mgonjwa, ningekaa pale mpaka jioni nikiligeuzageuza tu.

Safari hii nikaponda ndizi mbivu ndani ya uji, nikasema pengine harufu itamlainisha. Mgaya akapeleka, akafunga mlango ili watu wasione. Tukangoja. Bakuli likarudi limepungua kama lililodonolewa na kuku.

"Anauliza tutafika lini," akasema Mgaya. Hakunitazama usoni. "Sauti yake imekuwa ndogo."

Igawa

Tuliteremka Usangu na joto likatupokea. Baada ya baridi ya Makambako, ilikuwa kama kufunua sufuria. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, tambarare yote inang'aa maji, na tulipopita Igawa kidogo, paa! Springi imekatika. Lori likainama kama ng'ombe anayetaka kulala.

Mgaya akatukana, akaomba radhi, akatukana tena. Akapata lifti ya lori lingine kwenda kutafuta springi Chimala, na kama haipo, Mbeya. "Nitarudi leo au kesho," akasema. Akaondoka.

Jamani, fikirini. Barabara tupu. Mimi nyuma ya lori, mzee mbele ya lori, na aliyekuwa akibeba bakuli kati yetu ameshakwenda. Nikajifunika kanga kichwani nikakaa upande wa tairi la nyuma. Nikamsikia anateremka, taratibu, anakaa chini upande wa pili, kwenye kivuli cha injini. Akakohoa. Kile kikohozi changu ninachokijua, lakini kimekuwa chembamba.

Magunzi yalikuwa yamekwisha Makambako. Nikatafuta kuni, kila kijiti nilichookota kilikuwa kimelowa. Nikakilazimisha jikoni, kikatoa moshi na machozi, moto hakuna. Nikajaribu nyasi, nikajaribu kipande cha gunia. Hakuna. Nikasikia ng'ombe.

Kundi kubwa lilikuwa linavuka, na nyuma yake mama mrefu mwenye fimbo na kibuyu. Alikuwa Msukuma, mmoja wa wale waliohama na mifugo kutoka huko kaskazini kuja kutafuta malisho. Alisema anaitwa Mama Shija. Kiswahili chake na changu vilikuwa vimejifunzia shule tofauti, lakini njaa ya mgonjwa haihitaji maneno mengi. Akalitazama jiko, akaligonga kwa ukucha, akaniuliza, "Hili linakula nini?"

"Kuni. Lakini zimelowa."

Akacheka. "Kuni! Mimi nyumbani kwangu nitapata wapi kuni kavu masika hii?" Akaenda kambini kwao, hapo karibu, akarudi na karai limejaa mavi ya ng'ombe makavu, mepesi, yaliyohifadhiwa darini. Na maziwa ndani ya kibuyu. Nilipotaka kumlipa akanipiga kibao cha bega.

Mavi ya ng'ombe! Udadisi ulinishika hata kabla ya kushukuru. Nikayamega vipande, nikayapanga ndani ya kopo. Mwanzoni yalifuka moshi mzito wa buluu, kisha yakashika kimya kimya, moto mwekundu, mtulivu, hauna haraka. Uji haukuungua hata chini. Nikatia maziwa. Lakini nilikuwa na wasiwasi: mzee aliyekataa uji wa kuni safi, atakula uji uliopikwa kwa mavi? Nikasema moyoni, hajui, hakuona.

Nikanyanyua jiko lenyewe kwa waya wake, bakuli juu, nikaliweka katikati, mbele ya lori, mahali ambapo anaweza kulifikia. Nikarudi upande wangu nikampa mgongo. Nikangoja. Hakuna mguu uliosogea. Nzi tu.

Basi nikapandwa na hasira. Na hasira zangu mnazijua, lazima ziende mahali. Kumgombeza baba mkwe siwezi, ni mwiko, hata jina lake silitaji. Nikaligombeza jiko.

"Wewe jiko!" nikasema kwa sauti. "Nimekubeba kutoka Iringa. Nimekulisha magunzi, nimekulisha mavi, unapika uji mzuri na uji hauliwi! Unajua muuguzi alisema nini? Alisema tusipokula hatufiki! Nikifika Kiwira nimwambie nini mama? Nimwambie nini mume wangu? Useme basi, jiko, unataka nini?" Na hapo, jamani, nikalia. Nililia kweli, kanga mdomoni.

Kisha sauti upande wa pili, ya kukwaruza:

"Jiko. Mwambie aliyekuwasha, moshi huu ni wa ng'ombe."

Nikakauka. Nimekwisha, nikasema. Amenusa.

"Jiko," nikajibu, "mwambie baba anisamehe. Kuni zililowa."

"Jiko. Muulize: ni ng'ombe wa namna gani?"

Nikageuka kutazama kundi, ambalo bado lilikuwa linavuka. "Jiko, mwambie ni wengi. Wana nundu. Wengi ni wekundu, wengine wana madoa."

"Pembe?"

"Fupi, jiko. Fupi zimekaa mbele."

Akaanza kusema, si kwangu, kwa jiko. Kwamba alipokuwa mtoto walilala nyumba moja na ng'ombe, watu upande huu, ng'ombe upande ule, na moshi wa mavi ndio uliokuwa blanketi lao. Kwamba pale hospitali kila kitu kilinukia dawa, na hata uji ulinukia dawa, mtu atakulaje dawa? Kwamba hajanusa moshi huu tangu ng'ombe wa baba yake waishe kwa ugonjwa. Na nikasikia kijiko kinagonga bakuli. Nikasikia anapuliza, fuu, fuu, anavuta. Fuu, fuu, anavuta. Nikahesabu kila mvuto kama mtu anayesikiliza mvua baada ya ukame. Kijiko kikakwaruza chini.

"Jiko. Kuna mwingine?"

Nikacheka na kulia pamoja. Mama Shija, aliyekuwa bado amesimama na fimbo yake, alitutazama watu wawili waliopeana mgongo wanazungumza na debe, akatikisa kichwa, akafuata ng'ombe wake.

Mpaka giza linaingia tulikuwa tumekwisha kupika mara tatu. Jiko liliulizwa habari za Atupele, anasema maneno gani, analala vipi. Jiko liliulizwa kama ni kweli Wahehe hula mbwa, nami nikalijibu jiko kwamba huo ni uzushi wa majirani, likacheka. Yaani, yeye alicheka. Nikajua na kicheko chake: hakina sauti, ni pumzi tu inayokatikakatika.

Mgaya alirudi asubuhi iliyofuata na springi begani. Alipoondoa mawe chini ya tairi alininong'oneza, "Umemfanya nini mzee? Ananisimulia kwamba mkamwana wake ni mtu wa adabu sana. Anasema angekuwa mwingine angekaa kimya amwache afe, lakini yeye alijua njia ya kusema: alilituma jiko."

Adabu! Mimi nilikuwa nalitukana tu debe langu. Sikumsahihisha.

Mzee alikuwa amelala ndani ya lori. Mgaya akaniashiria kioo cha pembeni. "Darubini," akasema, maana jina hilo nilikuwa nimemwambia mwenyewe kwa ujinga wangu, "simama hapa. Uso wote unaonekana. Nani atajua?"

Hatua mbili tu, ningeuona. Miaka yote nawashwa, na sasa upele umepata mkunaji. Nilitazama kioo kile kwa mbali, kinameta jua tu. Nikawaza pumzi ile ya kicheko. Nikaenda nyuma nikapanda juu ya magunia. Mgaya akasema mimi ni mwanamke wa ajabu, na kwa hilo hakukosea.

Uyole hadi Kiwira

Uyole ndipo tungeteremka, na Mgaya alipaswa kunyoosha mbele, Mbeya mjini. Akakata kushoto, barabara ya Tukuyu, bila kuulizwa. Chumvi haiozi, akasema. Tukapanda Isongole, ukungu, viazi kila upande, baridi ya kuuma masikio. Nikapika pale kwa vijiti vya mianzi nilivyouziwa na msichana mmoja, vinalia pa! pa! kama bunduki, mpaka mzee akaliuliza jiko kama tumevamiwa.

Kiwira walitupokea kwa vigelegele. Mimi nikaingia jikoni kwa mama mkwe moja kwa moja, ndiyo nafasi yangu. Nikasikia fimbo inapita uani: ko, ko, ko, imara kuliko ilivyotoka Tosamaganga. Mama mkwe akanishika mikono yote miwili.

Kisha akapika. Uji mzuri wa mafiga matatu, mikono ya mwanamke aliyemlisha mtu yule tangu ujana wake. Bakuli likarudi na ujumbe: mzee anauliza lile jiko liko wapi.

"Lipi?" Mama mkwe akaniangalia. Akaliangalia debe langu, limeshakuwa jeusi, limebonyea ubavu. "Nimempikia maisha yangu yote, leo ananikataa kwa sababu ya bati!" Alisema hivyo, lakini kesho yake nilimkuta amechuchumaa mbele yake, anachungulia matundu, ananiuliza majivu yanakaa upande gani.

Siku ya kuondoka nilikuwa nimelifunga kanga tayari kulibeba. Nalipenda jiko lile, msinidanganye kwamba ni debe tu. Sauti ikatoka nyuma ya ukuta wa mianzi:

"Jiko. Safari njema. Mwambie aliyekubeba, ndaga fijo."

Ndiyo asante sana yao. Nikasimama. Nikafungua kanga. Nikalipeleka mlangoni kwake, nikalilisha magunzi, nikawasha, nikabandika uji, nikaondoka. Nilipofika migombani nikamsikia anafungua mlango.

"Jiko," akasema. "Amekwenda?"

Nilitaka kujibu. Lakini jiko lilikuwa kule na mimi nilikuwa huku. Mama mkwe, aliyekuwa anafagia uani, akainama juu ya debe akalijibu kwa niaba yangu: "Mwambie bado yuko migombani, analia."

Pumzi ile ikakatikakatika.

Kwa hiyo msiniulize tena anafananaje. Sijui. Najua anavyopuliza uji, mara mbili kisha anavuta. Mkipita Kiwira mkaona mzee amekaa mlangoni anazungumza na debe, ndiye huyo. Msimsalimie yeye. Lisalimieni debe, salamu zangu zitafika.